Picha Isimpoteze Mama Anayesoma



Wengi wenu mnatuuliza kwa nini siku hizi picha za gazeti letu zinakaa karibu zote upande wa kuume, na kwa nini maneno hayazunguki picha pande zote kama katika magazeti makubwa yanayotoka mbali. Wengine wamesema wazi kwamba tunapoteza karatasi. Swali hilo ni la haki, na jibu lake halihusu urembo peke yake. Linagusa afya ya watoto wetu, na linagusa heshima ya mama aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Ndiyo maana juma hili sisi tunaopanga kurasa, ambao karibu wote ni walimu wa shule, tunataka kuwaeleza kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini tuliamua hivyo.

Mnajua kwamba alasiri, watoto wakiisha kwenda nyumbani, darasa moja linageuka kuwa la wamama wanaojifunza kusoma na kuandika. Wanaketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao, wengine na mtoto mgongoni. Siku moja tulisoma nao karatasi ya mafunzo juu ya kuhara, iliyotoka katika ofisi fulani. Kwa macho ilikuwa karatasi nzuri. Katikati palichorwa jagi la maji, na maneno yamelizunguka, nusu ya mstari kushoto na nusu kuume. Mistari ilikaa hivi, na pale penye nukta nyingi ndipo jagi liliposimama:

Chemsha maji lita ........ moja, yaache yapoe.
Tia vijiko vidogo 6 ........ vya sukari, halafu
chumvi, ........ nusu kijiko kidogo.

Mama mmoja alisimama kusoma, kidole chini ya maneno kama tulivyomfundisha. Kidole kilifika penye jagi kikasimama, kikarudi kushoto, kikashuka mstari wa pili. Alisoma kwa sauti safi: "Chemsha maji lita. Tia vijiko vidogo sita chumvi." Darasa likanyamaza. Kisha mama mwingine, mwenye watoto watano, akauliza polepole: "Sita? Ya chumvi?"

Tuseme mara moja maneno ya kweli, maana gazeti hili linaingia katika nyumba nyingi. Kwa lita moja ya maji safi unatia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, nusu tu. Ukipata pakiti ya SRO kwenye kituo cha afya, tumia hiyo kwanza, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu ya pakiti. Chumvi ikizidi, mtoto anayeharisha anaumizwa zaidi badala ya kusaidiwa. Anaweza kupata degedege, anaweza hata kufa.

Lakini kilichotuuma siku ile si chumvi peke yake. Yule mama aliketi, akafunika karatasi kwa kiganja, akasema: "Mwalimu, kichwa changu ni kigumu." Alikuwa amefanya kila jambo tulilomfundisha. Tulimwambia fuata maneno mpaka mstari uishe, kisha rudi kushoto, shuka chini. Mstari wake uliishia penye jagi. Nani alimwambia kwamba upande wa pili wa jagi mstari uleule unaendelea? Hakuna. Sisi tuliosoma miaka mingi tunaruka picha bila kufikiri, kama mtu anayeruka tope kwenye njia anayoijua. Yeye njia hiyo alikuwa anaipita kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo tulipoanza kutumia mashini ya kompyuta kupanga gazeti hili, jambo la kwanza tulilotaka kulijua vizuri ni lile: maneno yanazungukaje picha, na nani anayaamuru.

Zamani, katika nyumba za kuchapa vitabu, herufi zilikuwa vipande vya madini vilivyopangwa kwa mkono. Aliyetaka maneno yafuate umbo la picha alipaswa kupima kila mstari peke yake, huu mfupi, huu mrefu, na kujaza nafasi kwa vipande vitupu. Kazi ilikuwa ndefu, kwa hiyo picha nyingi zilifungwa ndani ya mraba, basi. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ilitoa PageMaker, programu ya kupanga kurasa juu ya kompyuta ndogo ya mezani, na mwaka 1999 Adobe ikatoa InDesign. PageMaker ilikuwa ya kulipia, na InDesign inalipiwa. Sisi tunatumia mbili zisizolipiwa: LibreOffice Writer, iliyoanza mwaka 2010 ikitokana na OpenOffice.org, na Scribus, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2003. Zote mbili zinaweza kukaa katika mashini ya zamani, na zinafanya kazi bila intaneti. Kwetu ambako umeme ni wa pano ya jua na batri, hilo si jambo dogo.

Mashini yetu inasema Kifaransa, na kwa Kifaransa kazi ya kuzungusha maneno kandokando ya picha inaitwa habillage, yaani kuvika nguo. Tuliposikia neno hilo, wamama washonaji wa chama waliielewa kazi upesi kuliko sisi walimu. Picha ni mwili, maneno ni kikwembe. Na hakuna mshonaji anayekata kikwembe pale pale kipimo cha mwili kinapoishia. Anaacha nafasi ya mshono na nafasi ya kupumua.

Sasa tueleze inavyokwenda. Kila picha unayoiweka katika ukurasa, hata ikiwa ya chungu cha mviringo, mashini inaiona kama sanduku la pembe nne. Katika Writer, unaigusa picha kwa kitufe cha kuume cha kipanya, unapata orodha ya namna za kuvika. Ya kwanza: maneno yasimame juu ya picha na yaendelee chini yake, pembeni pabaki patupu. Ya pili: maneno yapite upande mmoja tu, wa kushoto au wa kuume, unaochagua wewe. Ya tatu: yapite pande zote mbili, kama ile karatasi ya jagi. Iko pia namna ambayo maneno yanapita juu ya picha yenyewe kana kwamba haipo, na iko namna ambayo mashini inajichagulia. Katika hiyo ya kujichagulia, nafasi iliyobaki kati ya picha na ukingo wa ukurasa ikiwa chini ya sentimita 2, mashini haipitishi maneno hapo. Sentimita 2 zinatosha kwa nani? Tutarudi kwenye hesabu hiyo.

Baada ya hapo ndipo inakuja kazi ya mzingo. Wamama waliofika darasa la tano wanalikumbuka neno hilo kutoka hesabu: mzingo ni mstari unaozunguka umbo. Ukiweka alama penye neno Contour, mashini inaliacha lile sanduku na kufuata mzingo wa kitu chenyewe: shingo ya chungu, bega la mama, mkono wa mtoto. Maneno yanaingia ndani pale picha inapokonda, na kurudi nyuma pale inapopanuka. Mzingo huo unaweza kuurekebisha. Writer inakufungulia dirisha dogo lenye picha na mstari juu yake. Unaweza kuchora mraba, duara refu, au umbo la pembe nyingi upendavyo. Katika Scribus mstari wa mzingo una nukta, nawe unaikamata nukta moja moja na kuivuta. Unaweza kuongeza nukta, kuzifuta, au kurudisha mzingo ulivyokuwa mwanzo. Jambo moja la kukumbuka katika Scribus: fremu ya picha lazima iwe juu ya fremu ya maneno. Ikiwa chini, utarekebisha mzingo mpaka jua litue na maneno hayatasogea hata kidogo.

Mashini pia inaweza kujitafutia mzingo yenyewe, lakini hapo lazima iangaliwe kwa jicho kali. Haijui mama ni nani na ukuta ni nini. Inaona rangi tu, na tofauti ya mwanga na giza. Foto zetu nyingi zinapigwa mbele ya nyumba za matofali ya udongo, na udongo wetu ni mwekundu. Mama aliyevaa kikwembe cha rangi ya udongo, mbele ya ukuta wa udongo, mashini haimwoni anaishia wapi. Mara inachukua kipande cha dirisha na kukifanya bega lake, mara inauacha nje mguu wa mtoto aliye mgongoni, na maneno yanataka kuingia juu ya mguu ule. Mtoto hawezi kukatwa mguu ili habari ya soko ipate nafasi. Kwa hiyo mpiga foto wetu sasa anatembea na shuka jeupe. Wamama wawili wanalishika nyuma ya anayepigwa, na mashini inapata mpaka ulio wazi.

Tena, mzingo una faida tu ikiwa kile kilicho nyuma ya mtu kimeondolewa katika picha. Foto ambayo bado ina ukuta na mti na mbuzi nyuma ni sanduku, na hakuna maneno yanayoweza kupita juu ya mbuzi yakasomeka. Kwa foto kama hiyo, acha sanduku. Si aibu. Mzingo uwekwe kwa michoro ya mistari kwenye karatasi nyeupe, na kwa watu waliopigwa mbele ya shuka.

Basi, tulipokwisha kujua mashini inaweza kufanya nini, tuligawanyika. Baadhi yetu tulipenda sana mzingo ulioshika mwili. Ukurasa unaonekana kama wa gazeti la mji mkubwa, na vijana wanalichukua gazeti bila kuombwa. Mwenzetu mmoja alisema: "Wamama wetu hawastahili vitu vizuri?" Baadhi yetu tulimkumbuka yule mama na kiganja chake juu ya karatasi. Tulibishana juma zima, kwa heshima, kama mnavyotujua. Mwishowe tuliacha kubishana tukachukua rula.

Gazeti letu ni karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati, kurasa nne. Tukiondoa kingo, mstari wa maneno una upana wa sentimita 12. Herufi zetu ni za pointi 14, kwa sababu wengi wanasoma jioni kwa taa ndogo, na kwa sababu msomaji mpya anahitaji herufi inayoonekana vizuri. Kwa ukubwa huo, sentimita 12 zinabeba herufi kama 54. Weka picha ya sentimita 5 katikati, acha nafasi ya kupumua nusu sentimita kila upande. Kinabaki kichochoro cha sentimita 3 kushoto na kingine cha sentimita 3 kuume. Kila kichochoro kinabeba herufi 13 au 14.

Sasa chukueni Kiswahili chetu. Kifaransa kinasema maneno madogo madogo, kila moja limesimama peke yake. Kiswahili kinafunga mzigo wote katika neno moja: hatutawanyonyesha. Hesabuni: herufi 17. Neno hilo haliingii katika kichochoro cha sentimita 3, achilia mbali kile cha sentimita 2 ambacho mashini inakikubali. Litakatwa, au litarushwa mstari wa chini na kuacha shimo. Na mashini ikidhani tunaandika Kifaransa, inalikata neno letu kwa kanuni za Kifaransa. Kiswahili kinakatika baada ya vokali, nyo-nye-sha, ma-zi-wa, kama tunavyowafundisha watoto kupiga makofi kwa kila silabi. Kwa msomaji mpya hata kukata vizuri ni mzigo, kwa hiyo ukataji huo tumeuzima kabisa. Tumeacha pia kulazimisha mistari yote iishie sawasawa upande wa kuume, kwa sababu katika nafasi nyembamba mashini inayavuta maneno na kuacha mapengo makubwa katikati yake.

Weka sasa picha ile ile ya sentimita 5 upande wa kuume. Kinabaki kipande kimoja cha sentimita 6 na nusu, chenye kubeba herufi kama 29. Hapo maneno manne au matano yanapita bila kusukumana. Karatasi ni ile ile, picha ni ile ile, lakini maneno yamekaa pamoja kama ndugu badala ya kutengwa na ukuta.

Kwa nini kuume na si kushoto? Tuliwaangalia wamama wakisoma, hatukuwauliza kitu, tuliangalia vidole vyao tu. Kidole kikimaliza mstari kinarudi mwanzo, na kinatafuta mahali pale pale kilipoanzia mara ya kwanza. Mwanzo wa mistari ukiwa umenyooka kama ukuta wa nyumba, kidole kinapata njia hata gizani. Picha yenye mzingo ikiwa kushoto, kila mstari unaanzia mahali pengine: huu umeingia ndani, huu umetoka nje, huu umeruka kiwiko cha mtu. Kidole kinarudi, hakioni mlango, kinaingia mstari usio wake. Mzingo ukiwa kuume, kinachobadilika ni mwisho wa mstari tu, na mwisho wa mstari haumsumbui mtu, maana ukifika mwisho umefika.

Hapo mama mmoja mzee wa chama, aliyesoma chuo cha Kurani akiwa mtoto, alitufundisha sisi walimu. Alisema: "Kwa herufi zangu mimi, mwanzo uko kuume." Ni kweli kabisa. Kiswahili kilifika hapa katika karne ya 19 kwa njia ya misafara iliyotoka pwani, ikavuka Ziwa Tanganyika na kupita Kabambare. Na Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip ambaye hapa anakumbukwa kwa pembe na kwa watumwa, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Kasongo kuna bado wamama wanaosoma herufi hizo vizuri kuliko za Kifaransa. Kwa hiyo kanuni yetu hatuiandiki "picha kuume". Tunaiandika hivi: picha isiguse mwanzo wa mstari. Tukichapa tangazo kwa herufi za Kiarabu, picha inahamia kushoto, na kanuni inabaki ile ile.

Kanuni ya pili ni juu ya nafasi ya kupumua. Kati ya mzingo na maneno tunaacha milimita 5. Katika kioo cha mashini inaonekana kubwa mno, na vijana wanatucheka. Lakini ninyi hamsomi kioo. Mnasoma fotokopi, wakati mwingine fotokopi ya fotokopi, na kila mara wino mweusi unanenepa na kumwagika kidogo. Milimita 2 zilizoonekana safi katika kioo zinakuwa doa lililomeza herufi ya mwisho. Na herufi moja ikimezwa, 12 inakuwa 1.

Kanuni ya tatu: nukta chache. Mtu akianza kurekebisha mzingo anapenda kufuata kila kidole cha mkono na kila fundo la kitambaa. Haina faida. Mstari mmoja wa gazeti letu, pamoja na nafasi yake, una kimo cha milimita 6 hivi. Maneno yanakwenda mstari kwa mstari, kama matofali. Hayawezi kuingia katika tundu dogo kuliko tofali. Pembe ndogo za mzingo zinafanya jambo moja tu: mstari huu mrefu, unaofuata mfupi, wa tatu mrefu tena, kama meno ya msumeno. Kwa mama aliyesimama na mtoto mgongoni, nukta nane zinatosha: kichwa, mabega, mgongo wa mtoto, kiuno, miguu. Mstari uteremke kwa upole kama mteremko wa kisima, bila ngazi.

Kanuni ya nne ndiyo kubwa, na juu yake hatubishani tena. Maagizo yenye vipimo hayapiti kandokando ya picha yoyote, iwe na mzingo mzuri namna gani. Dawa, chumvi, sukari, tarehe ya chanjo, siku ya kupima uzito wa watoto, franka za mchango: hayo yanasimama peke yake, upana wote wa ukurasa, jambo moja mstari mmoja, nambari pamoja na kitu chake. "Nusu kijiko kidogo cha chumvi" inakaa mstari mmoja. Picha ya jagi iko juu yake, imemaliza kazi yake ya kumwita msomaji, na sasa inanyamaza. Hadithi, mashauri, habari za harusi na za mavuno, hizo zinaweza kuzunguka picha kwa furaha. Hakuna mtoto atakayeugua kwa sababu ya mstari wa harusi kusomwa vibaya.

Na karatasi? Je, tunaipoteza? Tulihesabu. Tulichukua picha moja ya mama aliyesimama, sentimita 5 kwa 8, tukaiweka kwanza na sanduku lake, kisha na mzingo ulioshika mwili. Mzingo ulituongezea maneno 9, karibu yote kandokando ya kichwa, pale picha inapokonda. Maneno 9 ni sentensi moja. Kwa hadithi, sentensi moja ni zawadi, tunaichukua. Kwa maagizo, hatuwezi kuinunua sentensi moja kwa bei ya mama kupotea njia. Tukikosa nafasi, ni heri tupunguze maneno yetu sisi walimu, ambao tunajulikana kwa kusema mengi.

Wamama wa vikundi, ninyi pia mnatengeneza karatasi zenu: matangazo ya likelemba, orodha za mashamba ya pamoja, mialiko. Kijana wa duka la fotokopi atawauliza: "Niweke picha katikati, maneno yazunguke?" Anataka kuwapendeza. Mwambieni bila kuogopa mashini yake: picha pembeni, mwanzo wa mistari unyooke, nafasi ya kupumua nusu sentimita, na bei na tarehe ziwe mbali na picha. Mteja ni wewe. Kama hajui kuondoa alama ya Contour au kuvuta nukta, aiache picha ndani ya sanduku lake, nanyi hamtapoteza kitu.

Na tunawaomba jambo moja zaidi, hasa ninyi mnaoongoza masomo ya wamama. Mama akipotea katika ukurasa, kabla hajasema kwamba kichwa chake ni kigumu, geuzeni karatasi muiangalie. Angalieni mwanzo wa mistari uko wapi, picha imesimama wapi, mstari umekatika wapi. Wako wamama walioacha masomo yetu wakiamini kwamba umri umewapita, na tukikumbuka karatasi tulizowapa, nyingi zilizotengenezwa na watu wasiowahi kumwona mama anayesoma kwa kidole, tunajua kwamba wengine hawakushindwa na kusoma. Walishindwa na upangaji. Tumeanza kuwatembelea nyumbani, mmoja mmoja, na kuwasomea pamoja nao ukurasa ulionyooka. Wawili wamekwisha kurudi.

Tangu sasa, kila gazeti kabla ya kwenda kwenye fotokopi linapita kwanza mikononi mwa wamama watatu wa darasa la alasiri. Wanasoma kwa sauti, sisi tunaangalia vidole. Kidole kikisimama mahali, hatumsahihishi msomaji. Tunafungua mashini na kuivuta nukta. Mama yeyote anayetaka kuwa mmoja wa hao watatu kwa gazeti la juma lijalo afike siku ya tano, saa tisa za alasiri, na asisahau miwani kama anayo. Mtoto mgongoni anakaribishwa pia.